Shingo ya Kondoo

Fundi alifungua kitabu juu ya meza yake ya kazi akanisogezea. Ndani mlikuwa na picha za vichwa vya kondoo vilivyopangwa safu kwa safu na kupewa namba, mfano wa zile picha za mitindo ya nywele zinazobandikwa ukutani kwa vinyozi wetu. Vichwa hivyo havikuwa na ngozi, wala pembe, wala macho. Yalikuwa maumbo tu ya povu gumu, rangi ya tui, ambayo baadaye huvishwa ngozi ya mnyama uliyemleta. Kimoja kilikuwa kimesimamisha shingo kama askari wa gwaride. Kingine kilikuwa kimenyoosha shingo mbele na kuinamisha uso, kama mtu anayepita chini ya dirisha la anayemdai. Vingine vilitazama kushoto, vingine kulia.

"Unataka awe anafanya nini?" aliniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari ya fedha. Swali hilo sikuwa nimeliwazia, na lilinichukua majuma matatu kulijibu.

Naomba nieleze nilivyofika mbele ya meza ile. Mimi ni mzaliwa wa Kisaki, mkoani Morogoro, kijiji kilicho mlangoni mwa pori ambalo zamani lote liliitwa Selous, na ambalo tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwaka 2008 nilihamia Anchorage, katika jimbo la Alaska, kumfuata mke wangu. Baba mkwe wangu ni mwindaji tangu ujana wake, na kwa miaka mingi alinisihi nifuatane naye walau mara moja kwenda kutafuta kondoo wa milimani. Nilikuwa nikimcheka moyoni. Kwetu kondoo ni mnyama wa zizini, na mtu tukimwita kondoo tunamaanisha kuwa ni mpole kupita kiasi. Kondoo wa porini hatuna. Afrika nzima wanapatikana kaskazini tu, katika milima ya Sahara na kandokando yake. Nilipomsimulia baba yangu kwa simu hata jina la kumwita mnyama huyo sikuwa nalo. Nilisema "kondoo mwitu", naye akadhani natania.

Kondoo wa Alaska anaitwa kondoo wa Dall, kwa jina la William Healey Dall, Mmarekani mtaalamu wa viumbe, na jina hilo la kisayansi alipewa mwaka 1884. Ni mweupe mwili mzima, na makao yake ni magenge ambako mnyama mwingine mwenye kwato angevunjika miguu. Pembe za dume ni rangi ya asali. Hazidondoki kila mwaka bali hukua maisha yake yote, zikijikunja kuelekea nyuma, kisha chini, kisha mbele tena. Kila majira ya baridi ukuaji wake husimama na kuacha pete, hata mtu akitulia na darubini anaweza kuhesabu umri wa mnyama aliye ng'ambo ya bonde. Sheria ya jimbo hairuhusu kumpiga dume ila pembe yake iwe imetimiza duara kamili, au ncha za pembe zote mbili ziwe zimevunjika, au awe ametimiza miaka minane. Kwa hiyo uwindaji huu kwa sehemu kubwa ni kulala kifudifudi juu ya mawe ya baridi na kuhesabu.

Mwezi Agosti 2019 ndege ndogo ilitushusha kwenye changarawe za mto katika milima ya Wrangell. Siku ya kupanda ndege huruhusiwi kuwinda, basi tulipiga hema tukalala. Siku sita tulitembea. Ya saba tukamwona, amelala peke yake kwenye kibao cha mwamba, anacheua, ametupa kisogo na kutazama bonde la upande wa pili. Baba mkwe alihesabu pete, akanipa darubini nami nikahesabu, kisha akahesabu tena. Tulipata kumi. Saa mbili nzima tulimtazama, na katika saa hizo mbili mnyama yule hakufanya jambo lolote isipokuwa kucheua na kutazama. Hakutujua kabisa. Nilipompiga alisimama, akatembea hatua tatu hivi kama aliyekumbuka kitu, akaporomoka ndani ya korongo.

Goti la baba mkwe lisingeweza korongo lile. Niliteremka peke yangu, mvua ikianza. Nilimkuta amelala ubavu, anapumua.

Hapo ndipo nilipofanya lile lililokuja kunisumbua mbele ya kitabu cha fundi. Sikufikiri hata kidogo. Nilichomoa kisu, nikamgeuza, nikapiga bismillahi, nikamchinja. Nilimchinja kama tunavyochinja kondoo nyumbani siku ya Idi, juu kabisa, chini ya taya, kwa mkato mmoja mpana kutoka upande huu hadi huu. Damu ilitapakaa kwenye manyoya yale meupe mpaka mikono yangu ikaonekana safi kuliko shingo yake.

Baba mkwe alipofika kwa kuzunguka, baada ya saa nzima, alitazama shingo, akanitazama mimi, akasema tu kwamba tuioshe haraka kwa maji baridi, kamwe yasiwe ya moto, kwa maana maji ya moto hupika damu kwenye manyoya na haitoki tena. Tuliiosha katika kijito cha barafu hadi vidole vikafa ganzi. Hakunilaumu. Alikuwa ananijua miaka kumi na moja na hajapata kuniona nikila nyama isiyochinjwa.

Nyama tuliitoa yote, maana sheria ya huko inataka nyama itangulie au iende pamoja na pembe, jambo ambalo naliona ni la busara. Pembe tulizipeleka ofisi ya wanyamapori, wakazipima, wakahesabu pete na kupata kumi kama sisi, wakatoboa pembe moja na kupachika kizibo kidogo chenye namba. Mke wangu alipika pilau. Watoto walikula wakaomba tena. Yakabaki mambo mawili ndani ya friza ya baba mkwe: fuvu lenye pembe zake, na ngozi ya kichwa na mabega yenye mkato kooni.

Nikampigia baba simu Kisaki.

Inafaa msomaji ajue kwamba baba yangu alikuwa mchunaji katika kambi za uwindaji za Selous tangu serikali ilipofungua tena uwindaji mwaka 1978, baada ya kuufunga mwaka 1973. Miaka zaidi ya ishirini alichuna nyati, simba, palahala, kuro na wengine, akageuza masikio, akapasua midomo, akatia chumvi, akaanika kivulini, akafunga. Mimi alinipeleka shule kwa mshahara huo, na kwa makusudi hakunifundisha kushika kisu cha kazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mmempata huyo kondoo wenu?"

"Tumempata."

"Ulimchinja?"

"Nilimchinja, baba. Nilimkuta bado mzima."

"Alhamdulillahi. Umekata wapi?"

"Chini ya taya."

Alinyamaza, hata nikadhani simu imekatika.

"Wageni wangekufukuza kazi," akasema.

Kisha akanieleza jambo ambalo katika umri wangu wote sikuwa nimelisikia kwake. Mnyama akianguka kambini kulikuwa na mbio mbili. Mgeni alikimbia kwenda kuona pembe zake, na baba, au Mwislamu mwingine aliyekuwa karibu, alikimbia kumwahi mnyama kabla hajakata roho, kwa sababu bila hivyo nusu ya wafanyakazi wangelala na ugali mtupu. Huku nyuma mgeni hupiga kelele, shingo, shingo, mwacheni shingo yangu. Wengine walitukana. Baba hakutaka kumharibia mtu kitu alichokifuata toka mbali, wala hakutaka wenzake wakose nyama. Basi akajifunza kukata chini sana, pale shingo inapokutana na kifua, mkato mfupi lakini unaotimiza haki yake, mahali ambapo manyoya ni mengi na mshono haumsumbui fundi. Bwana nyama mmoja alimsifu kwa hilo mbele ya watu. Niliona kwa sauti yake kuwa sifa hiyo bado anayo.

"Sasa watamfanyaje?" akauliza. Nikamwambia bado sijaamua, huenda nitaweka fuvu na pembe tu.

"Fuvu?" alisema. "Mafuvu nimeyaona mpaka basi. Mimi nilitaka kuona wanavyowarudisha."

Ndipo nilipofahamu. Miaka ishirini na zaidi alizitoa ngozi zile kwa mkono wake, zikapelekwa Dar es Salaam, zikatiwa dawa, zikapigiliwa misumari masandukuni, zikaenda Ulaya na Marekani. Hakupata kuona hata moja iliyokuwa mnyama tena.

Sasa nirudi kwa fundi. Alitandaza ngozi mezani, akapitisha kidole kwenye mkato, akanieleza njia zilizopo, naye alikuwa mtu muwazi. Mnyama mzima haikuwezekana, kwani ngozi ya nyuma tuliiacha mlimani, na hata ingekuwapo nisingeweza gharama yake. Kichwa kilichosimamishwa juu, ambacho ndicho wengi hukipenda kwa kondoo, kingeonyesha koo lote. Angelishona vizuri lakini kwenye manyoya meupe hakuna mshono usioonekana kabisa. Kichwa kilichoinamishwa kingelificha. Njia ya tatu ni kutumia ngozi nyingine. Alikuwa nayo kwenye friza, ngozi safi ya dume aliyeachwa na mwindaji aliyetaka fuvu peke yake. Angeivisha pembe zangu, na hakuna ambaye angejua.

Baba mkwe aliona hiyo ya tatu ndiyo sahihi. Kwake pembe ndizo kondoo. Ngozi, alisema, ni shati. Likichanika mtu huvaa lingine. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, akiwa ameshika usukani na macho yake mbele, alinieleza kwamba kondoo aliyeko juu ya meko yake tangu miaka ya themanini, yule ambaye mke wangu alipokuwa mtoto alikuwa akimsalimia kila asubuhi, hana ngozi yake mwenyewe. Ile ya kwanza ilinyonyoka manyoya kwa sababu alichelewa kuitia chumvi. Akaniomba nisimwambie binti yake. (Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Alicheka, akasema binti alikwisha jua siku nyingi.)

Sikuwa na ubishi naye mkubwa. Kazi yenyewe ni ya kubuni toka mwanzo. Kuna wakati ngozi zilijazwa majani makavu na matambara mpaka wanyama wakawa kama magunia yenye miguu. Mmarekani Carl Akeley, miongoni mwa waliogeuza mambo, alianza kuuchonga kwanza mwili, misuli na mikunjo yake, ndipo akauvisha ngozi. Tembo wake wawili wanaopigana, waliotoka huku kwetu Afrika Mashariki, walionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1909 na wangali katika makumbusho ya Field huko Chicago, ambako niliwaona nikiwa safarini. Akeley mwenyewe alifia katika milima ya Kongo mwaka 1926 akazikwa huko huko. Nilisimama chini ya tembo wale nikiwa na hakika kuwa wataniangukia, na bado nilijua kwamba hakuna kilicho hai pale, na kwamba ugomvi ule ni wa Akeley. Nairobi nako yuko Ahmed, tembo wa Marsabit, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974. Yule wa uwanjani kwenye makumbusho hana ngozi kabisa, ni sanamu ya fibaglasi, na watu humtazama kwa heshima zote. Lakini Ahmed wa fibaglasi hamdanganyi mtu. Anasema, nilikuwa na ukubwa huu. Kondoo wangu akiwa na uso wa kondoo mwingine angesema nini? Macho ya kioo yangekuwa ya dukani, masikio yangeshikizwa kwa plastiki, mwili ungekuwa wa povu. Nikitoa na ngozi, kwenye uso ule hakuna kitakachobaki kilichokuwa mlimani siku ile.

Na kuna baba. Mtu aliyetazama ngozi miaka yote hiyo asingekosa kuona kuwa uso wa dume la miaka minne au mitano umewekwa chini ya pembe za miaka kumi.

Ikabaki njia ya kuinamisha kichwa. Hiyo ilinivuta, kwa maana ilikuwa ngozi yake mwenyewe na koo lingefichika. Usiku mmoja nilikaa jikoni nikijaribu kumwona katika umbo lile, shingo mbele, uso chini, ananyemelea. Kila nilipomwona hivyo nilikumbuka kuwa yeye hakumnyemelea mtu. Aliyenyemelea ni mimi. Tena nilijiuliza, kwa nini koo ndilo nilifiche? Katika mambo niliyofanya siku ile lipo moja ambalo hadi leo sijalimaliza na nafsi yangu, nalo ni kumpiga mnyama aliyelala ametupa kisogo, anatazama bonde lake. Hilo halionekani kwenye ngozi popote. Risasi iliingia nyuma ya bega, na tundu lake lingeishia mahali ambapo umbo hukatwa, nyuma ya ubao, halina atakayeliona. Mkato wa kooni ndio uliomfanya awe chakula cha watoto wangu. Kwa huo sikuwa na haya siku ile, na sikuona sababu ya kuanza kuona haya kwa fundi.

Mke wangu, ambaye tangu mwanzo alisema hamtaki mezani wala sebuleni, aliniuliza swali moja tu: alikuwa anatazama wapi ulipomwona? Nikamwonyesha kwa kugeuza kichwa changu. Alisema, basi mfanye hivyo, umweke ukumbini karibu na dirisha, atazame nje.

Nikarudi kwa fundi na namba. Nilichagua shingo ya kawaida, haikusimamishwa wala kuinamishwa, kichwa kimegeuka kushoto, masikio yamelegea, mdomo umefungwa. Nilimwambia ashone koo kadiri ya uwezo wake na asipunguze ngozi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Aliandika pembeni ya karatasi yake kwamba mteja ameelezwa habari ya mshono, akaniomba nitie sahihi.

Miezi kumi na minne nilingoja. Ngozi ilipelekwa kiwandani kulainishwa, ikarudi, ikangoja zamu yake. Mafundi wa kazi hii hawana haraka na sioni kwa nini wawe nayo. Alipokuwa tayari mwezi Oktoba 2020 nilimleta nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha gari, nimemfunga mkanda. Kwanza sikumpenda. Alikuwa msafi mno. Mlimani alikuwa na madoa ya udongo kwenye magoti na mbavuni, na tope kavu pembeni mwa mdomo. Nilipomtundika karibu na dirisha na mwanga wa jioni ukamwingia ubavuni nikaanza kumzoea. Mboni za macho yake zimelala kama mstari, ndivyo zilivyo kwa kondoo wote, na kwa hiyo hujui hasa anatazama nini. Baba mkwe alikuja, akamzunguka kadiri ukuta ulivyomruhusu, akasema pembe ni nzuri sana. Juu ya shingo hakusema neno.

Nilimpiga picha nikaituma kwa simu ya mpwa wangu Kisaki. Jioni ile ile baba alipiga. Baada ya salamu alikaa kimya kidogo, nikasikia mpwa wangu akimwonyesha jinsi ya kuikuza picha.

"Kumbe wanakuwa hivi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na macho?"

"Ya kioo."

"Hebu piga nyingine. Kutokea chini."

Nilijua anachokitafuta. Nilipiga magoti ukumbini, nikaielekeza simu juu, kwenye koo. Ukiwa pale chini unauona mshono, mstari mwembamba ambapo manyoya yanaelekea upande usio wake, toka chini ya sikio hadi upande wa pili. Nikatuma. Nilingoja.

"Nimeuona," alisema baba. "Huyo fundi anajua kushona, mwambie nimesema. Na wewe siku nyingine ushuke kidogo."